Mama anaumwa, ugonjwa haujulikani: msaada wa gharama

Pole sana ndugu yangu. Mama ana miaka 67, mmezunguka hospitali tatu, ugonjwa haujajulikana, na unauliza pesa mtapata wapi. Kabla ya kuuza shamba, chukueni kwa mtendaji wa kijiji barua ya kuthibitisha kuwa mama hana uwezo, kisha muoneni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Sera ya afya Tanzania inawasamehe gharama wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo.

Sisi tulipomuuguza baba hatukulijua hilo. Tuliuza ng'ombe wawili tukalipia vipimo vilevile mara mbili, maana majibu ya kwanza tuliyaacha hospitali! Daini nakala ya kila kipimo, na ombeni rufaa ya maandishi kwenda hospitali ya kanda au hospitali ya taifa Muhimbili. Michango ya ukoo itunzeni kwa nauli na chakula cha anayemuuguza. Hivyo havina msamaha. Mama anakula lakini?