Fundi anataka kupiga Windows upya, mahesabu yangu yatapona?

SWALI: Habari za kazi kaka, mimi msomaji wenu wa Morogoro, naomba unisaidie maana usingizi sipati. Nina kompyuta ya mezani hapa nyumbani na toka 2021 naandikia hela zetu kwenye GnuCash, ile programu ya mahesabu, ada za watoto, nyumba tunayojenga kidogo kidogo, halafu mimi ndo mweka hazina wa kikoba chetu kwa hiyo hisa na marejesho ya wenzangu yote yamo humo humo. Juzi umeme umekatika mara tatu ndani ya saa moja, uliporudi kompyuta ikagoma, inafika kwenye nembo ya Windows inazunguka tu. Fundi anasema hadidiski ni nzima ila lazima apige Windows upya. Nilikuwa na amani kwa sababu kila mwisho wa mwezi nakopi kwenye flashi, leo nimeichomeka kwa jirani, hiyo GnuCash ya kwenye flashi haifunguki na nikiangalia ukubwa ni KB 2. Je ndo basi tena?

JIBU: Dada yangu pole sana. Kabla hujaendelea kusoma mpigie fundi mwambie asipige Windows kwanza na asifomati chochote, mahesabu yako yapo kwenye hiyo hadidiski na akiifomati akaweka Windows juu yake ndo kazi inakuwa ngumu kweli kweli. Mwambie aitoe, aichomeke kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa USB, akopi folda yako yote ya Documents na vitu vya desktop, akimaliza akuoneshe kwa macho yako ndo aendelee na Windows yake. Ni kazi ya muda mfupi tu na fundi yeyote anaiweza, tatizo wengi hawafanyi mpaka mteja aseme.

Kuhusu flashi, ulichokuwa unakopi kila mwezi ni ile aikoni ya desktop, yaani shotikati, ambayo kazi yake ni kuielekeza kompyuta programu iko wapi, ndani yake hamna hata shilingi moja iliyoandikwa. Watu wengi sana wamepita hapo usijilaumu. Mahesabu yenyewe yako kwenye faili ulilolipa jina wewe siku ya kwanza, labda mahesabu au nyumbani, linaishia na .gnucash, kama hukumbuki ulipoliweka fundi atafute hayo maneno ya mwisho kwenye hadidiski nzima.

Sasa akishatafuta ataona mafaili mengi yanafanana, mengine yana tarakimu 14 katikati ya jina, asije akayafuta akidhani ni takataka! Hizo ni nakala, kila ukisevu GnuCash inaliweka pembeni faili la zamani na kuliandika mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde, kwa hiyo lenye tarakimu zinazoanza na 20240315 ni la tarehe 15 Machi 2024. Ukiweka GnuCash kwenye Windows mpya jaribu kwanza faili kuu, ikikuambia limefungwa na mtu mwingine usiogope, ni alama iliyobaki pale umeme ulipokatika, bonyeza Open Anyway. Likigoma kabisa fungua lenye tarehe ya karibuni. Na kama kuna vitu uliandika siku ile hukuwahi kusevu, yapo mafaili yanayoishia .log yanayorekodi kila muamala unaouingiza, ukishafungua nakala nenda menyu ya File, Import, utaona sehemu ya kurudia log.

Ila hizo nakala zinakaa kwenye hadidiski ile ile na zenye zaidi ya siku 30 programu inazifuta yenyewe usipobadilisha mpangilio, kwa hiyo hadidiski ikifa au kompyuta ikiibiwa zinaondoka zote pamoja. Hapa mimi nasisitiza sana kwa sababu humo kuna hela za wenzako. Kila baada ya kikao cha kikoba funga GnuCash kabisa, kopi faili la .gnucash kwenye flashi, nunua flashi mbili uwe unapokezana, moja ikae kwa ndugu au kwa katibu wenu, na hizo flashi zisiwe zile za kwendea steshenari kuprinti maana huko ndo virusi vinakaa. Nakala nyingine weka Google Drive. Faili la GnuCash halina paswedi, yeyote mwenye GnuCash akilipata anasoma deni la kila mwanachama, kwa hiyo kabla hujalitoa nyumbani lifungie na 7-Zip, programu ya kubana mafaili, uweke paswedi, na paswedi iandike kwenye daftari la kikoba.

Halafu mara moja kila miezi mitatu hivi chukua hiyo nakala, ihamishie kwenye kompyuta ya jirani yenye GnuCash, ifungue, angalia salio la M-Pesa na jumla ya hisa kama vinalingana na daftari. Ungefanya hivyo mara moja tu tungeiona hiyo KB 2 mapema. Na UPS, yaani betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, hata ndogo ya kukupa dakika kumi za kusevu na kuzima vizuri inafaa, kwa umeme huo wa kukatika mara tatu mimi ningeiomba kikao kichangie maana kompyuta inafanya kazi ya kikundi.

Fundi akishakopi niandikie umekuta mafaili gani na tarehe zake, kama hata nakala zinagoma nitumie maneno yanayotokea kwenye skrini yalivyo tuendelee kutoka hapo.