Chaguo linalodhoofisha hoja si lazima liiangushe

Swali: Mwalimu, shikamoo. Najiandaa na GMAT, mtihani wa kuombea nafasi ya shahada ya uzamili ya biashara, nikiwa hapa Tanga. Maswali ya kudhoofisha hoja, yale yanayokupa hoja fupi na kutaka uchague taarifa inayoipunguzia nguvu, hunishinda nikibakiza machaguo mawili. Jibu linaloitwa sahihi mara nyingi haliikanushi hoja. Hitimisho bado laweza kuwa kweli. Sasa linadhoofisha nini? Na chaguo ambalo najua kabisa si kweli nilifanyeje?

Jibu: Marahaba. Shida yako ipo kwenye neno "haliikanushi". Hukuombwa ukanushe. Mtungaji anatafuta taarifa ambayo, ukiiongeza kwenye ushahidi uliopo, itakufanya uliamini hitimisho kidogo kuliko ulivyoliamini mwanzo. Basi.

Chukua hoja hii niliyoitunga: pale mwaloni Deep Sea, Tanga, samaki wanakoshushwa na kuuzwa, wavuvi wanaobeba barafu baharini huuza kilo ya samaki kwa bei kubwa kuliko wasiobeba, kwa hiyo barafu ndiyo inayowaletea bei hiyo.

Chaguo la kwanza linasema wanaobeba barafu wengi wana boti za injini, hufika maji ya mbali na kurudi na nguru na jodari, ilhali wasiobeba huvua vibua kwa ngalawa karibu na pwani. Je, limethibitisha kwamba barafu haisaidii? Hapana. Inawezekana inasaidia sana. Lakini sasa tofauti ya bei ina maelezo mengine, aina ya samaki, na ushahidi tulionao hauwezi tena kutuambia ni ipi kati ya sababu hizo mbili iliyofanya kazi. Hilo ndilo jibu.

Chaguo la pili ndilo linalowanasa wengi: gharama ya barafu kwa safari moja huzidi nyongeza ya bei anayoipata mvuvi. Linasikika baya kwa barafu, na mtahiniwa hulirukia. Lakini hitimisho linazungumzia bei, si faida. Mvuvi anaweza kupata hasara na bado barafu ikawa ndiyo iliyopandisha bei ya samaki wake. Badilisha neno moja tu, hitimisho liseme "barafu inawaongezea faida", na chaguo hilohilo linakuwa na nguvu kupita yote. Ndiyo maana nawasisitizia wanafunzi walisome hitimisho neno kwa neno kabla ya kugusa machaguo.

La tatu: baadhi ya wasiobeba barafu waliwahi kuuza kwa bei nzuri. Hoja inalinganisha makundi mawili kwa jumla, na wachache waliofanikiwa hawaigusi. Hata hivyo sikubaliani na wanaofundisha kwamba kila chaguo lenye "baadhi" lifutwe. Hitimisho lingesema hakuna awezaye kupata bei nzuri bila barafu, mvuvi mmoja angetosha kuliangusha.

La nne, kwamba samaki wa barafu huchelewa kuharibika, linaiunga hoja mkono. Lipite.

Kuhusu chaguo unalojua si kweli: swali lenyewe hukuwekea sharti, "kama ni kweli". Likubali lilivyo, hata kama umekulia mwaloni na unajua bei za samaki kuliko mtungaji. Ushahidi wa hoja nao usibishane nao. Udhaifu hukaa kwenye mruko kutoka ushahidi hadi hitimisho, na hapo ndipo pa kupiga.

Kwa hoja za sababu na matokeo, jiulize mapema nini kingine kingeleta matokeo hayo, au kama mambo yamegeuzwa: pengine wanaopata bei nzuri ndio wenye fedha za kununua barafu. Hoja ikipendekeza mpango, tafuta kitakachouzuia usifike lengo lake. Ikitegemea watu waliohojiwa, angalia kama wanawawakilisha wanaozungumziwa.

Ukibakiza mawili, liweke kila moja kando ya hitimisho bila kuongeza neno lako. Linalohitaji uliundie hadithi ndipo lidhoofishe, "labda wateja watachukia, kisha labda...", kwa kawaida ndilo la kuacha. Usikwame hapo muda mrefu: sehemu ya lugha ya GMAT ya sasa ina maswali 23 kwa dakika 45, vifungu vya kusoma vikiwemo. Chagua, weka alama, endelea. Ukimaliza na muda ukibaki, unaruhusiwa kubadilisha hadi majibu 3 katika sehemu hiyo.