Jibu: Mume amemuua mke kisha akajiua, faili inafungwa?

Dada, poleni sana. Umeuliza kama ni kweli, kama polisi walivyowaambia, kwamba mshukiwa akifa kesi imekwisha. Mashtaka ndiyo, maiti hashtakiwi. Lakini kifo bado chaweza kuchunguzwa mahakamani. Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, vifungu vya 385 hadi 388, inampa hakimu uwezo huo, na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anaweza kumwagiza afanye uchunguzi. Ziandikieni ofisi zake hapa Mombasa.

Najua kwetu maiti haikawizwi, ila msizike kabla ya upasuaji. Ombeni daktari wenu awepo.

Linaloniuma zaidi ni yaliyotangulia. Kama marehemu aliwahi kuripoti kipigo akaambiwa arudi nyumbani wakaelewane, hakimu lazima asikie hayo. Tafuteni namba zake za OB (kitabu cha matukio kituoni polisi), fomu za P3 (za polisi, daktari huandika humo majeraha), kadi za hospitali. Simu yake msiifute ujumbe hata mmoja. Majirani waliosikia mayowe waandikishe taarifa sasa, kabla hawajahama au kutishwa.

Na wale watoto, wameona mengi. Pigeni 1195, simu ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, ni bure, muulizie ushauri nasaha.