Mbuni Hakuhitaji Kuruka: Nilivyoandika Hadithi Yangu ya Watoto

Jumanne iliyopita nilipata barua pepe niliyoingoja kwa miaka mitatu. Mchapishaji ameukubali mswada wangu wa hadithi ya Mbuni na Mbayuwayu. Wanne walikuwa wameukataa kabla yake, wawili kati yao bila neno hata moja la sababu. Niliisoma barua ile nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Tangu nilipowatangazia, wengi mmeniuliza nilifanyaje, na najua kila anayeuliza ana mswada wake aliouficha mahali. Basi nawaeleza.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Mbuni na Mbayuwayu wamekua pamoja. Mbayuwayu anatamani kuvuka bahari, kama mbayuwayu wanavyofanya kweli: ndege wa gramu 20 hivi, anayesafiri maelfu ya kilomita kila mwaka kati ya Ulaya na kusini mwa Afrika. Mbuni ana uzito unaoweza kupita kilo 100 na hainuki hata inchi moja. Anayaonea haya mabawa yake. Nilitaka mtoto anayesikiliza ajifunze kujikubali, na ajifunze kumuunga mkono rafiki yake.

Huko kutaka mtoto ajifunze ndiko kulikoniharibia rasimu mbili nzima.

Katika rasimu ya kwanza Mbuni alifanya mazoezi kurasa kwa kurasa, na mwishoni akaruka. Niliipenda sana. Nikamsomea mpwa wangu wa miaka sita. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na kama asingeruka?"

Nikamwambia Mbayuwayu angempenda vilevile.

"Sasa mbona umemrusha?"

Sikuwa na jibu, na usiku ule sikulala vizuri.

Katika rasimu ya pili Mbuni hakuruka. Badala yake aliwaokoa ndege wote na simba kwa mbio zake, maana mbuni hufikia kilomita 70 kwa saa, na wale waliomcheka wakaja kumwomba radhi. Nilidhani nimetibu ugonjwa. Kumbe nilikuwa nimemfanya Mbuni ainunue nafasi yake. Nawaomba mnisikilize hapa, kwa sababu hadithi nyingi ninazotumiwa zinaanguka shimo hilohilo. Mtoto anayechekwa darasani hatapata nafasi ya kumwokoa mtu na simba. Atarudi kesho na miguu ileile, sauti ileile, na watu walewale wanamsubiri. Ukimwambia atapendwa siku atakapofaa, umewaunga mkono wanaomcheka.

Kilichonifungua ni kusoma habari za mbuni wenyewe. Nilipaswa kuanza na hilo, nikaona si lazima kwa kitabu cha watoto. Mabawa yale niliyoyaona ya bure humsaidia kushika mizani anapokata kona kwa kasi. Jicho lake ni kubwa kuliko la mnyama yeyote wa nchi kavu. Mimi nilikuwa nimemwandika mbuni kama mbayuwayu aliyepungukiwa. Nilipoacha kufanya hivyo, sikuhitaji tena ukurasa wa Mbuni kujikubali kwa hotuba. Nilimwacha akimbie tu, na msikilizaji akaona.

Lakini bado hadithi ilikuwa imelala. Mmoja wa wale walionikataa aliandika mstari mmoja: Mbuni wako hapotezi kitu. Uliniuma kwa miezi. Mbuni wangu alikuwa akisimama chini kila ukurasa na kupiga kelele, "Unaweza! Unaweza!" Rafiki gani mwema! Ukweli ni kwamba Mbayuwayu akifanikiwa, Mbuni anabaki peke yake. Nililijua hilo tangu mwanzo, nikalikimbia.

Nawaambia kwa nini nililikimbia. Nilikuwa na rafiki aliyechora. Tulikaa dawati moja tangu utotoni, na daftari zangu zote zilijaa michoro yake. Siku aliponiambia anaacha kazi ya mshahara akasomee uchoraji mbali, nilimuuliza, "Utakula rangi?" Niliuita ushauri. Nilimpangia hesabu za kodi na nauli kama mtu mzima mwenye busara, lakini haukuwa ushauri. Niliogopa kubaki. Aliondoka, nami nikasikia kwa watu. Miaka tisa sasa. Kosa ni langu, lakini hata yeye hakuniaga, na hilo sijamaliza kulisamehe.

Usiku nilipokubali kuliandika, Mbuni alimwambia Mbayuwayu neno moja tu: "Usiende." Nililiacha peke yake kwenye ukurasa. Unapofunua, ni alfajiri, na Mbuni amerudi. Hasemi "unaweza". Anakimbia tu chini ya Mbayuwayu anayefanya mazoezi, kila asubuhi, akiwa bado na huzuni yake. Mpwa wangu nilipomsomea hapo alinishika mkono.

Ndugu zangu mnaoandika, mtoto anaijua huzuni ya kuachwa. Rafiki yake amehama shule, au amechaguliwa timu na yeye hakuchaguliwa. Msimdanganye kwamba rafiki mwema hahisi wivu. Mwonyesheni mtu anayehisi wivu na bado anafika alfajiri. Na ninyi wenyewe, kabla ya kumfundisha mtoto kuunga mkono ndoto ya mwenzake, jiulizeni ni ndoto ya nani mliikanyaga mkaita hekima. Mimi sikuweza kuiandika hadithi hii mpaka nilipojibu swali hilo.

Mengine ni ya kawaida. Someni kwa sauti. Vitabu vingi vya picha huwa na kurasa 32, kwa sababu ya jinsi karatasi kubwa za uchapaji zinavyokunjwa, kwa hiyo huna nafasi ya kuzunguka. Mswada wangu ulishuka kutoka maneno 1,900 hadi 640. Futeni kila kitu ambacho picha itasema: rangi ya manyoya, hali ya anga, sura ya huzuni. Kisha someni tena kwa sauti, kwa mtoto hasa, na akipiga miayo wekeni alama hapo. Msimwulize amejifunza nini.

Kwa kawaida mchapishaji ndiye anayemchagua mchoraji, lakini huyu aliniuliza kama nina mtu wa kupendekeza. Nimeandika jina moja. Juzi nilimtumia mwenyewe mswada, na juu yake nikaandika kwamba ukurasa wenye neno "Usiende" nimeuacha bila neno jingine kwa ajili yake. Ameusoma ujumbe. Bado hajajibu.