Barua kwa Mwanangu Kuhusu Imani na Masharti

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini Petro, siku ya Pentekoste, aliwaambia watu watubu wakabatizwe, ilhali Paulo kule Filipi alimjibu mlinzi wa gereza kwamba amwamini Bwana Yesu naye ataokoka; ukataka kujua ni nani kati yao aliyehubiri wokovu kwa imani ipasavyo. Mimi sioni ugomvi kati ya mahubiri hayo mawili. Mlinzi yule, ambaye muda mfupi kabla alikuwa amechomoa upanga ajiue kwa kudhani wafungwa wametoroka, aliwaosha Paulo na Sila majeraha yao saa ile ile ya usiku, akabatizwa yeye na watu wake wote, kisha akawaandalia chakula. Imani ilitangulia na maji yakafuata kabla hakujapambazuka, wala hakuna aliyemwambia asubiri kwanza. Neno langu unalijua tangu utotoni: anayeamini asitwikwe mlangoni mzigo ambao Mungu hakumtwika.

Babu yako alihudhuria mafundisho ya ubatizo hadi mwisho, na Imani ya Mitume aliikariri vizuri kuliko vijana waliojua kusoma. Wazee wa kanisa wakamwambia amrudishe kwanza Bibi Mdogo, mke wake mdogo, kwao, ndipo abatizwe. Hakumrudisha. Siku ya ubatizo alikuja vivyo hivyo, amevaa koti lake la sikukuu, akaketi benchi la nyuma. Na majina yalipokuwa yakisomwa, lilipofika la jirani yetu ambalo lilianza kama lake, aliinuka nusu, kisha akaketi tena taratibu. Mimi nilikuwa upande wa wanawake pamoja na Bibi Mdogo, naye alikunja na kukunjua pindo la khanga yake mpaka ibada ilipokwisha. Jambo hilo linaniuma hata leo.

Hata zamani zile watu kutoka Uyahudi walifika Antiokia wakawafundisha ndugu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, kwamba wasipotahiriwa hawawezi kuokoka. Mitume na wazee wakakutana Yerusalemu, mnamo mwaka 49 hivi, na ni Petro yule yule wa Pentekoste aliyesimama akauliza kwa nini wanawawekea wanafunzi shingoni kongwa ambalo baba zao hawakuweza kulichukua. Nikifika hapo namwona baba yangu. Lakini siwezi kuishia hapo, maana barua iliyotoka katika kikao hicho iliwaagiza wale wa mataifa wajiepushe na mambo manne, uasherati ukiwa mojawapo, na katika waraka wa kwanza kwa Timotheo askofu anatakiwa awe mume wa mke mmoja. Wazee wetu walishika hayo, na nia yao ilikuwa kuilinda ndoa. Hata hivyo Bibi Mdogo alitolewa mahari mbele ya wazee wa pande zote mbili, akazaa watoto katika nyumba ile. Yakobo anasema imani bila matendo imekufa, nami nakubali kabisa. Ila sioni jinsi kumfukuza mwanamke huyo pamoja na wanawe kungekuwa tendo la kuithibitisha imani ya mtu yeyote.

Utataka basi niseme kama wazee wale walikosea. Neno hilo limenifika kwenye kalamu zaidi ya mara moja katika barua hii nami nimelizuia, kwa kuwa babu yako alipofariki hajabatizwa, baadhi yao ndio waliomwezekea Bibi Mdogo nyumba, na matendo yao hayo sijapata mahali pa kuyaweka. Wewe soma Wagalatia sura ya 2, pale Paulo anapompinga Petro ana kwa ana huko Antiokia kwa kuacha kula pamoja na watu wa mataifa, akiwaogopa waliotahiriwa. Kisha uniandikie kama unaona hofu ile ile kwa wazee wetu, au kama walikuwa na hoja ambayo mimi, binti wa babu yako, siwezi kuiona.

Mama yako