Je, joto la kaskazi linaharibu kipimo cha mzio cha plasta?

SWALI: Shikamoo daktari. Nafanya kazi saluni hapa Tanga, napaka rangi ya nywele na piko. Mikono inawasha na kupasuka. Nimeandikiwa kipimo cha plasta za mgongoni, lakini shoga yangu anasema joto la Januari litaharibu majibu, nisubiri kipupwe. Kwa sasa natumia tyubu ya duka la dawa, na nilishachomwa sindano ya aleji.

JIBU: Marahaba. Shoga yako hajakosea sana. Plasta, zenye vitu vinavyoshukiwa kuleta mzio, hukaa mgongoni saa 48, na kwa jasho la kaskazi hubanduka pembezoni. Iliyobanduka haikupima kitu. Vipele vya joto navyo huchanganya usomaji. Lakini hayo yanarekebishika: tunaongeza plasta juu, unakaa penye feni, hulowanishi mgongo mpaka tumalize kusoma, kwa kawaida siku ya 4. Na mgongo usiuanike juani wiki kadhaa kabla, maana jua hufifisha majibu. Usingoje Juni na mikono hiyo.

Kinachonikera ni hiyo sindano. Kila mwezi naletewa mtu aliyechomwa "ya aleji" bila kuambiwa jina la dawa. Mara nyingi ni steroidi, dawa inayotuliza uvimbe na mwasho, na nyingine hukaa mwilini wiki kadhaa zikificha majibu ya kipimo. Tyubu yako ikiwa na klobetasoli au betamethasoni, ambazo ni steroidi za kupaka, mikononi tu haitaathiri mgongo. Ila ukijipaka mgongoni wiki ya kipimo, umeficha majibu. Wanaojipaka mkorogo mwili mzima hawajui kwamba mara nyingi ndani yake mna klobetasoli hiyo hiyo. Mgongo unatoka safi, mtu anajiona hana mzio, anarudi kwenye piko, na safari hii uso unavimba hadi macho hayafunguki.

Setirizini, kidonge cha aleji, hailazimu kuacha. Hiyo huvuruga kipimo kingine, kile cha kudungwa vidoa mkononi.

Halafu kuna wanaowauzia watu "kipimo cha nyumbani": paka piko, funika na plasta, lala nayo. Piko inayokoza kwa dakika chache kwa kawaida ni rangi ya nywele yenye PPD, kemikali ya weusi inayoleta mzio, tena kali kuliko kiwango cha maabara, ambacho ni asilimia 1. Ukiifunika inaweza kukutoa malengelenge na kovu, na aliyekuwa hana mzio akaupata hapo hapo.