Konda ameniita "mathe" na nina miaka 31

SWALI: Shangazi sasa, mimi ni mama wa watoto watatu hapa Kayole, wa kwanza ana miaka 9 na wa mwisho ndio mwaka na nusu, bado ananyonya. Juzi kwa matatu ya saa kumi na moja asubuhi, nikienda Gikomba kungoja bale zifunguliwe, konda akaniambia "mathe, songa kidogo", na yeye mwenyewe ana ndevu nyeupe! Binamu yangu aliye Marekani anasema kila mimba inakuzeesha mpaka ndani ya seli na anataka kunitumia kile kichupa cha kutemea mate ati wakupime umri wa ukweli. Lakini mama mkwe kule Machakos amezaa tisa na bado anashinda shambani na jembe. Kwani nani anadanganya hapa? – Mama Watatu

JIBU: Mama Watatu, huyo konda tumwache kwanza. Binamu yako hajadanganya, shida ni amesoma nusu.

Karibu kila seli yako iko na kitabu kimoja cha mapishi, DNA, na mwili unabana kurasa zingine na vibanio vidogo vya kemikali vinavyoitwa methili, ndio seli ya ini isianze kupika vitu vya jicho. Ukikua vibanio vingine vinadondoka, vingine vinaongezeka, na vinabadilika kwa njia inayofanana kwa watu wengi, sasa mwaka wa 2013 Steve Horvath wa Chuo Kikuu cha California akachukua sehemu 353 za hivyo vibanio akatengeneza kama saa, unaipa damu ama mate inakisia umri wako. Ikisema 35 na kitambulisho kinasema 31, ndio hapo watu wanaanza kusema unazeeka mbio.

Mambo ya mimba sasa. Kule Cebu, Ufilipino, watafiti walipima vijana, wasichana 825 na wavulana 910, na mwaka wa 2024 wakasema kwa saa kama hizo wasichana waliowahi kushika mimba walionekana wakubwa kuliko wenzao, kila mimba kama miezi miwili mitatu hivi. Miezi, si miaka. Na kumbuka wengi wao walianza kuzaa wakiwa bado wanakua wenyewe, na maisha si rahisi, kwa hivyo usichukue hiyo hesabu ukaibandika kwa kila mama.

Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wakafuata wamama kuanzia mimba ikiwa changa mpaka miezi mitatu baada ya kujifungua. Saa ilipanda kama mwaka mmoja ama miwili, lakini mtoto alipotoka ikashuka, na kuna wamama ilishuka hata miaka 8! Wale walionyonyesha bila kuchanganya na kitu kingine ilishuka zaidi, wale waliokuwa na uzito mkubwa kabla ya mimba ikashuka kidogo. Hiyo ndio nusu ambayo binamu hakufika.

Stresi nayo inafanya vivyo hivyo. Wazee waliovunjika nyonga wakapasuliwa kwa dharura, saa yao ilikuwa imeruka asubuhi iliyofuata na baada ya siku 4 hadi 7 ikarudi. Ile inayonitia wasiwasi ni stresi isiyopumzika, ya landilodi, karo na mtoto wa kukohoa usiku, kila mwezi, mwaka mzima. Mwaka wa 2004 watafiti Elissa Epel na Elizabeth Blackburn walipima kitu kingine, zile ncha za kromosomu (nyuzi zinazobeba DNA) ambazo hufupika mtu akizeeka, kwa wamama ambao baadhi yao walikuwa wanalea watoto wagonjwa, wakakuta waliojiona wamelemewa zaidi ncha zao zimefupika kama za mtu aliyewazidi miaka 10 au zaidi.

Mama mkwe, Mungu amweke, unamwona kwa sababu yuko. Wale wa rika lake waliokufa kwa uzazi hawako shambani uwaone.

Kichupa mwambie binamu abaki nacho, ama akununulie bale moja nzuri na hiyo pesa. Sampuli moja ya damu ikipimwa mara mbili, baadhi ya hizi saa za methili zimewahi kupishana mpaka miaka 9, sasa utajua umezeeka vipi? Enda kliniki wakupime damu, presha na tairoidi (ile tezi ya shingoni), manake uchovu wa mama anayenyonyesha na kuamka saa kumi mara nyingi uko hapo. Ukijikuta unalia bila sababu mwambie nesi pia. Na kama kuna wa nne anakuja, WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema mpe huyu wa sasa angalau miezi 24 ndio ushike mimba ingine. Na kama konda aliona mvi, hizo mara nyingi ni za ukoo, angalia kichwa cha babako.

SWALI: Shangazi, sisi wababa je, watoto hawatuzeeshi? Mke wangu anasema mimi ndio stresi yake. – Baba Junia, Githurai

JIBU: Kule Cebu wanaume waliozalisha hawakuonyesha hiyo tofauti, kwa hivyo hizo mimba hazikuzeeshi wewe, Baba Junia, hata seli zako zimekubali. Hilo lingine sina kipimo chake. Lakini Junia akiamka saa nane usiku leo amka wewe, na uulize diapa ziko wapi kabla mama yake hajalala.